Uzi Mweupe kwa Dereva

3 Februari

Mwanangu Sindano,

Ni mimi mama yako, mzima wa afya, ila goti la kulia linalalamika nikikanyaga cherehani muda mrefu, nami nimekataa kulisikiliza. Dada yako hajambo, watoto wake hawajambo, na paka hajambo kupita kiasi, maana amelala juu ya ngozi ya kiti cha mteja na kuniachia nywele za kuokota jioni nzima. Wewe je? Unakula? Yule jirani wa juu bado anaburuta viti? Na mikono, inapasuka? Paka mafuta. Usidhani kwa kuwa niko mbali sioni.

Sasa kaa chini nikusimulie. Juzi lori lilivuta gari mpaka mlangoni mwa karakana yangu. Siyo gari la kwenda sokoni. Ni gari la mbio la zamani, la watu wawili tu, paa lake ni la turubai, rangi ya kijani kama chupa, na boneti ndefu utadhani gari lote ni pua. Mwenyewe ni Mzee wa Miwani, yule wa duka la kona aliyekutengenezea miwani ulipokuwa huoni ubao shuleni. Kumbe miaka yote alikuwa nalo nyuma ya nyumba, limefunikwa. Ameleta viti nivivishe ngozi mpya, anataka kuliendesha tena.

Alikuja na mpwa wake, anayeuza magari. Huyo mpwa akasema viti ni sawa, lakini injini imekwisha. Ilikuwa inagonga, ikawa inatoa moshi wa bluu, mwisho ikanyamaza. Amepata injini nyingine ya gari la siku hizi, nyepesi, inawaka ukiigusa tu. Ile ya zamani itupwe. Mzee aliweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa.

Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa, nikasema, "Kabla hamjatupa, muulizeni binti yangu. Anaunda injini."

Wote wakageuka. Unanijua, nikishaanza huwa sina breki. Nikawaambia injini zinafika mikononi mwako zimekufa na kutoka zinaimba. Nikawaambia bosi wako hafungi boneti kabla wewe hujatazama. Mzee akaniuliza kwa heshima kama utakubali kumwangalizia ya kwake. Nikamjibu umeshakubali.

Basi niandikie. Iundwe upya au ibadilishwe? Andika ndefu na nzuri, kwa sababu barua zako nazisomea wateja hapa karakanani, kisha nazibandika ukutani juu ya rafu ya sponji. Usipige simu. Simu haibandikwi.

Mama yako

*

19 Februari

Shikamoo mama,

Nimeipata barua yako na nimefurahi kusikia mko wazima. Pole na goti. Ungelisikiliza kidogo lingeacha kulalamika. Mimi sijambo, nakula, mikono napaka mafuta, na jirani wa juu amenunua zulia kwa hiyo siku hizi namsikia akikohoa tu.

Mama, mimi siundi injini.

Ninazitoa na kuingiza nyingine. Gereji yetu ndivyo inavyofanya kazi. Gari linakuja linaumwa, tunainyanyua injini kwa mnyororo, inatoka mlango wa nyuma, nyingine inaingia mlango wa mbele, jioni mwenye gari anakwenda zake. Kazi hiyo naijua vizuri na wananisifu kwa kweli. Lakini sijawahi kuifungua injini mpaka ndani kabisa na kuirudisha ikawaka. Ulipokuja kunitembelea ulinikuta nimesimama kando ya moja. Hayo mengine umeyajaza mwenyewe.

Sasa nikueleze kama ningemweleza mteja. Kubadilisha ni haraka. Vipuri vya injini mpya vipo kila mahali. Ila mabano ya kuishikia lazima yakatwe upya, na gia na rejeta havitakubaliana nayo bila kubembelezwa. Gari litatembea vizuri, lakini chini ya boneti litakuwa gari la mtu mwingine. Kuunda upya ni kuifungua yote, kupima, kukereza silinda, kusaga vyuma vilivyochunika, kutia pistoni na beringi mpya, kisha kufunga kila kitu mahali pake. Ni kazi ya miezi, na ya mtu aliyewahi kuifanya. Na kama bloku, ule mwili wa injini, lina ufa, yote ni bure.

Akiniuliza mimi, siyo yule binti unayemsimulia, nitamwambia abadilishe. Lakini asiamue kabla ya kutazama. Mwombe yule fundi wa pampu za maji, jirani yako, afungue kifuniko cha juu na kuangalia kama kuna ufa. Hapo atajua anatupa nini.

Barua hii, mama, tafadhali usimsomee mtu.

Binti yako

*

5 Machi

Mwanangu Sindano,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana mimi nusura inikute chini ya meza.

Maneno kama yale huandikwa juu, hayaandikwi chini.

Barua ilifika watu wakiwepo. Mzee wa Miwani alikuwa kwenye benchi la wateja, mpwa wake mlangoni anazungusha funguo kidoleni, na yule mama mwenye sofa la kahawia alikuja kuchagua kitambaa. Nikafungua bahasha kwa madaha. Nikasoma salamu, nikasoma zulia la jirani, watu wakacheka vizuri. Halafu mdomo ukatangulia macho. "Mama, mimi siundi injini." Nikakohoa. Nikatafuta miwani niliyokuwa nimeivaa. Mpwa akasema, "Endelea mama, tunasikia."

Nikaendelea, ningefanyaje? Nilisoma yote. Nilisoma na ile ya kusema nisimsomee mtu. Mama wa sofa alicheka mpaka akashika sofa, na masikio yangu yaliwaka kama pasi.

Mpwa akasema basi shauri limekwisha, fundi mwenyewe amesema ibadilishwe. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Miwani yangu ya kwanza nilimtengenezea mama yangu," akasema. "Aliivaa akawa anaona vitu vyote viwili viwili. Akaendelea kuivaa. Mwandikie binti yako aanze na hii."

"Mjomba," mpwa akamwambia, "mama yako alipenda mwenyewe. Hii ni injini."

"Na injini ni yangu. Na mimi napenda mwenyewe."

Lakini ni mtu wa haki. Amekubaliana na mpwa wake kwamba ile injini nyingine iletwe na ikae hapa kwangu. Kama Julai ikiisha na ya kwake haijarudi, au imerudi na haiwaki, basi ya mpwa inaingia na hakuna neno tena. Tayari iko hapa, chini ya turubai, kando ya meza ya kukatia. Kila siku najigonga nayo kidole cha mguu.

Fundi wa pampu alikuja kufungua kifuniko kama ulivyoagiza. Tulimulika na tochi, ufa hatukuuona. Sasa, mwanangu, wewe unajua kazi ya viti. Ukishaanza kufumua mshono huwezi kuacha kiti nusu. Akalegeza nati moja, nikaipokea. Akalegeza nyingine, nikapokea. Mara tukajikuta injini yote iko juu ya meza. Kila kipande nimekisafisha, na vile vinavyofanana nimevifunga uzi wake kama tunavyofanya hapa siku zote, kila kimoja na mahali kilipotoka. Fundi wa pampu alinicheka. Nikamwambia yeye ashughulike na maji. Kisha nikavizungushia sponji, nikavishonea mifuko ya turubai yenye mshono mara mbili, na lori limeondoka navyo jana. Dereva aliuliza kama humo ndani kuna mtu.

Usikasirike. Au kasirika kidogo, kisha fungua mifuko. Nilichosema nimeshakisema mbele ya mtaa, hakirudi mdomoni. Mimi nimetangulia kidogo tu. Wewe nifikie.

Mama yako

*

2 Aprili

Shikamoo mama,

Habari za hapo nyumbani? Mimi ni mzima. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira najua ungeisomea wateja pia.

Mifuko ilifika. Lori liliishusha katikati ya gereji, mchana, wenzangu wote wakiwa wamekaa wanakula. Mmoja akauliza kama mama yangu amenitumia magodoro. Nilifumua mishono yako huku wamenizunguka, na kila kipande kilipotoka na uzi wake wa rangi kicheko kilipanda. Msimamizi alikuja kuona kelele ni za nini. Hakucheka. Aliushika mfuko, akauvuta mshono kwa mikono miwili, haukuachia. Akauliza nani ameshona. Nikasema mama. Akaniambia injini inaweza kukaa nyuma kwa Babu Kereza, mradi niiguse baada ya saa za kazi.

Babu Kereza sijawahi kukuandikia habari zake, kwa sababu nilikuwa simjui zaidi ya salamu. Ni mzee anayekereza vyuma kwenye chumba cha nyuma. Zamani gereji ilikuwa ikifungua injini na yeye ndiye alikuwa kila kitu. Siku hizi tunampelekea bolti zilizokatika. Alizunguka bloku lako polepole, akaligonga kwa nyundo ndogo akasikiliza, akagonga upande wa pili akasikiliza. Akalipaka mafuta ya taa, akalifuta, akalimwagia unga wa chaki ili ufa kama upo ujichore. Haukujichora. Akasema, "Ikitupwa hii, ni kwa uvivu tu."

Silinda zote nne zimelika, hazina tena uduara wake, na huko ndiko moshi ulikotoka. Beringi moja imekwisha kabisa, na hiyo ndiyo iliyokuwa inagonga. Krenki, ule mhimili mzito wa chini unaozungushwa na pistoni, umechunika lakini haujapinda. Babu anasema yote yanarekebishika. Nilipomwomba anifanyie alitia mikono mfukoni, akakaa juu ya pipa la oili, akasema mashine ile pale. Ameketi hapo mpaka leo. Nikikosea anakohoa.

Kwa hiyo mwambie Mzee wa Miwani nimebadili shauri. Nilimwambia abadilishe kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua, siyo kwa sababu ya injini yake. Injini yake inastahili kuundwa upya. Lakini mwambie wazi pia kwamba ni ya kwanza yangu, na tukikosea kuusaga ule mhimili hakuna mwingine. Akitaka niirudishe kama ilivyo, nitaishona mwenyewe. Siyo vizuri kama wewe.

Hii isome kwa sauti ukipenda.

Binti yako

*

16 Aprili

Mwanangu Sindano,

Salamu nyingi. Goti limenyamaza, limeona sina muda nalo. Babu Kereza msalimie sana, mwambie mama Sindano anasema asikae kwenye pipa bila mto, ni baridi ile. Ninamshonea mmoja.

Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya mama wa sofa aliyechelewa. Mzee aliposikia ile ya unga wa chaki alitabasamu peke yake. Nilipofika pale pa kumuuliza kama anataka irudishwe, alisema barua ni nzuri lakini swali hilo ulishajibiwa. Mpwa alisema tutaona Julai. Ana haki ya kusema, simlaumu, anampenda mjomba wake na hataki akwame barabarani. Ila laiti asingekuwa anasema akiwa amekalia injini yake kando ya meza yangu.

Viti nimevifungua. Nje vimechoka, ndani fremu ni ngumu kama siku ilipotoka kiwandani, na springi zote bado zinaruka. Mpwa alishauri ninunue viti vilivyokwisha tengenezwa. Nikamwonyesha springi, nikamwambia aikalie. Alikaa, ikamrusha juu. Basi nami naviunda upya kama wewe. Tuko kazi moja sasa, mama na mwana.

Siku hizi nasema yaliyo kwenye barua tu. Naongeza kidogo pale ambapo hukuandika vya kutosha.

Mama yako

*

9 Juni

Mama, shikamoo. Natumaini mko salama wote. Mto umefika, Babu Kereza anaukalia na hataki mwingine auguse.

Nina shida, na nilikupigia simu nikaanza kukueleza ukaniambia jambo kubwa kama hilo niliandike, wateja wapo. Haya, naandika.

Silinda tumezikereza, zimetoka zinang'aa. Krenki nimeisaga mwenyewe, Babu alikohoa mara chache tu. Jana nilikuwa na furaha ya kuilaza mahali pake. Inalala juu ya vitanda vitano ndani ya bloku, na kila kitanda kina kifuniko chake cha chuma kinachoibana kwa juu. Vifuniko hivyo vitano kwa macho ni pacha. Lakini kiwandani kila kimoja kilitobolewa kikiwa kimefungwa kwenye kitanda chake, kwa hiyo kinakubali hapo tu. Zamani vilikuwa na namba. Kuna fundi aliyepita huko nyuma akazigonga kwa nyundo mpaka zikafutika. Kilichobaki ni nyuzi zako.

Sikuwa na wasiwasi. Nilijivunia, kwa kweli. Wenzangu waliona rangi tu, mimi niliona karakana yetu. Nyeupe, nyekundu, njano, kijani, nyeusi, huo mpangilio niliujua kabla sijajua kusoma. Nikaanza mbele, kwenye feni, kama namba za injini zinavyoanza. Nyeupe mbele, nyeusi nyuma. Nikakaza. Krenki inapokaa sawa inazunguka ukiisukuma kwa mkono. Hii ilikataa. Nikalegeza, nikakaza tena, ikakataa vilevile, kama imechomelewa.

Babu aliinuka kwenye mto, na hilo si dalili njema. Alisema ni moja kati ya mawili. Ama tumeusaga mhimili vibaya, na hapo injini imekwisha na mpwa wa Mzee ana haki yake. Ama vifuniko haviko nyumbani kwao. Siwezi kujaribu kila namna, maana kila nikikaza vibaya nazikwaruza beringi mpya. Nimeifunika kwa shuka na sijaigusa. Nimelala vibaya, nasikia aibu kabla haijafika.

Nyuzi, mama. Ulianzia wapi?

Binti yako

*

17 Juni

Sindano mwanangu,

Salamu baadaye, kwanza kazi.

Uzi mweupe kwa dereva. Siku zote. Umekulia chini ya meza yangu ukichambua nyuzi, umesahau hilo? Gari halianzi kwenye feni. Linaanza anapokaa mwenye gari, kisha tunakwenda tukimwacha. Injini ilipokuwa bado ndani nilikaa kwenye kiti cha Mzee, nikanyoosha mguu, nikamuuliza fundi wa pampu upande upi wa injini uko karibu na miguu yangu. Kifuniko cha huko ndicho cheupe. Cheusi ndicho cha kwenye feni. Geuza.

Ningeandika juu ya mfuko, lakini sikujua kama duniani kuna mtu anayeanzia kwenye feni.

Barua yako niliisoma mbele ya Mzee na mpwa wake. Safari hii nilipitisha macho kwanza, nikaona ni ya kutisha, nikaisoma hivyo hivyo, kwa sababu injini ni ya kwake na ana haki ya kuogopa pamoja nasi. Uliposema krenki imekataa, mpwa alianza kufungua kamba ya turubai yake taratibu. Nikamwambia aifunge. Nilikuwa nacheka, wote wakanishangaa. Nilipowaeleza, Mzee alikwenda akakaa kwenye fremu tupu ya kiti chake, akanyoosha mguu, akasema naam, ni kweli, ni huku.

Lakini usiku huu nakuandikia sicheki sana. Nikiwa nimekosea mimi, niandikie hivyo hivyo. Nitasoma.

Salamu za dada yako. Kula.

Mama yako

*

30 Juni

Shikamoo mama,

Mko wazima? Mimi ni mzima kuliko siku zote.

Niligeuza. Nyeupe nyuma, nyeusi kwenye feni. Nilikaza kwa mpangilio, kidogo kidogo, huku Babu amesimama na wenzangu wawili wamejifanya wanatafuta spana huko nyuma. Nikaweka kiganja kwenye krenki nisukume. Sikuhitaji kiganja. Ilizunguka kwa kidole kimoja, ikaendelea yenyewe kidogo nilipokiondoa.

Babu Kereza naye aliweka kidole chake, akaizungusha, akakitazama kidole. Kisha akaenda kuchemsha chai, akarudi na vikombe viwili. Tangu nianze kwenda kule nyuma hajawahi kunipa chai. Wale wenzangu wawili wameacha kucheka nyuzi, na mmoja ameanza kufunga za kwake, ila rangi anachanganya.

Nimezikata zote sasa, haziwezi kubaki ndani ya injini. Ule mweupe nimeuweka mfukoni.

Nimemwomba msimamizi nihamie chumba cha nyuma. Amesema injini za kufungua zikipatikana, nihamie. Babu amesema zitapatikana, watu wana mengi chini ya maturubai.

Bado pistoni, kifuniko cha juu, na zile kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa, ambazo nimeambiwa zina tabia zake. Nikimaliza naileta mwenyewe. Nimeomba likizo, nitapanda lori lile lile na kukaa mbele na dereva, nimwonyeshe kwamba safari hii mtu yuko nje. Tutafika kabla Julai haijaisha. Mwambie mpwa asifungue kamba.

Na sasa unaweza kuwaambia watu ninaunda injini. Moja.

Binti yako

*

4 Agosti

Mwanangu Sindano,

Umeondoka jana na hata shuka lako sijalikunja. Natumaini umefika salama na kile nilichokutilia kwenye begi hakikumwagika. Sisi wazima. Paka anakutafuta chini ya meza.

Najua ulikuwepo na uliona yote. Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu ukuta wangu umejaa barua zako, na kile chumba cha nyuma huko kwenu, ulisema hakina kitu ukutani ila kalenda ya zamani. Hii ibandike hapo. Kabla ya kuibandika isome kwa sauti, mbele ya Babu Kereza na wale wa spana. Nimeandika hapa juu usije ukasema hukuona.

Babu, na ninyi wa spana, siku ile ilikuwa hivi. Injini imeshashuka mahali pake, imefungwa, viti vyangu viko ndani vinanukia ngozi mpya. Mtaa wote umesimama kama kuna harusi, na wa kulaumiwa ni mimi, niliwaita. Binti yangu akageuza ufunguo, injini ikakohoa ikanyamaza. Akageuza tena, ikakohoa. Mpwa wa Mzee akatazama turubai lake, na sitasema uongo, mimi pia nilitazama. Binti yangu hakututazama hata mmoja. Aliinama kwenye zile kabureta mbili, akageuza skrubu moja kidogo tu, kama mtu anayeingiza uzi kwenye tundu la sindano. Akarudi ndani. Ikashika.

Sikuelezeni sauti, injini mnazijua kuliko mimi. Ila hamkumwona Mzee wa Miwani. Aliweka kiganja juu ya boneti, pale pale alipokiweka siku ya kwanza, na mkono wote mpaka begani ukawa unatetemeka pamoja nayo. Mpwa akamfungulia mlango wa dereva. Mzee akakataa.

"Waingie wao wawili kwanza," akasema. "Mimi enzi zile nilikuwa ndani yake siku zote. Sijawahi kulisikia likipita."

Basi binti yangu akakaa kwa uzi mweupe, mimi kwa uzi mwekundu. Tukazunguka mtaa. Tulipita kwa fundi wa pampu, akatupungia bomba. Tulipita duka la miwani, tukamkuta Mzee amekimbia njia ya mkato na suruali yake nzuri, amesimama ukingoni, amefumba macho. Mpwa alikuwa anahema nyuma yake, na wiki hii ameniuliza kwa sauti ndogo, nisimwambie mjomba, kama binti yangu anaweza kutazama gari lake lina kelele fulani. Ile injini yake ameiondoa. Kidole changu cha mguu kinamshukuru.

Maneno ya siku ile nilikuwa nimeyaandaa tangu Februari. Nilikuwa nayo mengi, mengine mazuri sana. Pale kona, gari liliposimama kidogo, mama wa sofa na wenzake wakaja dirishani wakaniuliza, "Mama Sindano, ndiyo hiyo injini aliyoiunda binti yako?" Nikafungua mdomo. Nikamtazama mwanangu, ana oili mpaka kwenye sikio, anasikiliza injini kwa kichwa kilichoinama kama alivyokuwa akinisikiliza mimi akiwa mdogo chini ya meza. Nikatafuta cha kuongeza, sikukipata.

Nikawaambia, "Sikilizeni wenyewe."

Mama yako